Nafaka Ipite Motoni Kabla ya Maji

Mimina kikombe cha kwinoa moja kwa moja kwenye maji yanayochemka, na baada ya dakika ishirini na kitu utakuwa na chakula cha kushibisha lakini kilichopooza, chenye harufu ya majani mabichi. Kikombe hichohicho ukikipitisha kwanza kwenye kikaango kikavu kwa dakika saba au nane, jirani atauliza unapika nini. Kazi yenyewe ni hiyo tu, na wala si lazima iwe kwinoa. Kwinoa inayouzwa katika maduka makubwa ya Nyeri na Nanyuki huja kwa pakiti ndogo na bei kubwa, kwa hiyo nakushauri ujifunzie mkono kwa mbegu za terere (mchicha), kwa wimbi au kwa mtama. Hata ukizichoma, hasara ni ya shilingi chache.

Terere na kwinoa ni ndugu wa damu. Wataalamu wa mimea huwaweka katika ukoo mmoja, na wote wawili asili yao ni bara la Amerika: kwinoa kwenye milima ya Andes, Peru na Bolivia, terere ya nafaka huko Meksiko na nchi za jirani. Mbegu zao ni ndogo, zina protini nyingi kuliko mahindi, zina mafuta kiasi, na zikiguswa na moto hutoa harufu ya njugu. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2013 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kwinoa, na miaka kumi baadaye, 2023, ukaja mwaka wa wimbi, uwele na wenzao. Wenye wimbi tulisubiri zamu yetu. Bado huwa nashangaa mtu wa Othaya akinunua nafaka iliyovuka bahari mbili ilhali mtama na uwele wa Tharaka na Mbeere ni wa mwendo wa saa chache kwa lori, lakini kila mtu na mfuko wake.

Kwa nini kukaanga? Maji yana mpaka wake. Mombasa yanachemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi, na kila unapopanda mita 300 hivi, kiwango hicho hushuka kwa takriban nyuzi moja. Mji wa Nyeri uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sufuria yako inatokota kwa nyuzi 94 hivi. Nanyuki, iliyo juu zaidi, inapungukiwa tena kidogo. Ukiongeza moto hubadilishi kitu, maji yatakauka haraka tu. Ndiyo maana githeri ya Nanyuki hula makaa mengi kuliko ya Mombasa, na ndiyo maana maelekezo yaliyoandikwa nyuma ya pakiti ya kwinoa, “chemsha dakika 15”, mara nyingi hukuacha na punje zenye kiini kigumu.

Rangi ya kahawia na harufu ya kitu kilichokaangwa hutokana na protini na sukari za nafaka kukutana kwenye joto kali, kuanzia nyuzi 140 hivi. Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza jambo hilo mwaka 1912, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Maji hayafiki huko, yawe ya Lamu au ya Naro Moru. Kikaango kikavu kinafika bila taabu. Basi harufu itengeneze kwanza kwenye ukavu, kisha uyaachie maji kazi ya kulainisha.

Watu wa milima mirefu wengi walifikia hapo zamani bila kipimajoto. Watibeti hukaanga shayiri, wakaisaga, wakaikanda na chai na siagi wakala bila kuipika tena. Unga huo huitwa tsampa. Wahabeshi wana kolo, shayiri iliyokaangwa ya kutafuna, na beso, unga wake. Kule Andes wana mahindi ya kukaanga. Nyeri nayo ingepaswa kuwa mwalimu wa somo hili, maana kahawa inatoka hapa. Punje za Mathira, Tetu na Othaya huondoka zikiwa za kijani, wala hazinuki kahawa hata kidogo. Anayezikaanga ng’ambo ndiye anayeuza harufu, na bei yake unaijua. Unachofanya jikoni kwako na wimbi ni kazi ileile, ila faida inabaki nyumbani.

Tuanze sokoni. Karatina utapata nafaka zimepangwa kwenye magunia yaliyokunjwa midomo, gorogoro, kopo la kupimia, imekaa juu. Usimwambie muuzaji akupimie kabla hujatia mkono ndani. Chota kutoka chini, si kutoka juu palipopambwa. Zipulizie kiganjani uone makapi ni kiasi gani, kisha zinuse. Harufu ya vumbi haina neno, itaondoka kwa maji. Harufu ya ukungu, au punje zilizoshikana vidonge, rudisha na uende gunia la pili. Katika hili usidanganywe na moto: kuvu inayoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa na unyevu hutoa sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo haiishi kwa kukaanga wala kwa kuchemsha. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 huku Makueni na Kitui vikiwa miongoni mwa vituo vya msiba. Harufu nzuri ya kikaango inaweza kuficha ubovu, isiuondoe.

Kwa terere, uliza swali moja zaidi: “Mama, hii ni ya kula ama ya kupanda?” Mbegu za kupanda zinazouzwa kwenye maduka ya agroveti mara nyingi zimepakwa dawa, na aghalabu hutiwa rangi ya waridi au ya kijani ili mtu asizile. Hizo hazioshwi zikawa salama. Angalia pia rangi ya mbegu yenyewe. Terere ya nafaka ina mbegu nyeupe zinazoelekea manjano. Mbegu nyeusi zinazong’aa ni za terere ya mboga au ya mwituni. Zinalika, lakini gamba lake ni gumu, hazipasuki vizuri motoni na huacha chengachenga kwenye meno.

Kuosha ndiko watu wengi wanakokimbia, kisha wanalalamika uji una mchanga. Wimbi na terere ni punje ndogo mno, mchanga hujificha humo na ungo peke yake hauutoi wote. Tia nafaka kwenye beseni, mimina maji mengi, zungusha kwa mkono, kisha mimina maji pamoja na nafaka inayoelea kwenye beseni la pili kabla haijatulia. Mchanga ni mzito, unabaki chini. Rudia mpaka chini ya beseni pasalie pasafi. Chuja kwa kitambaa, maana tundu za chujio la chai zinapitisha terere. Kwinoa ina lake la ziada: gamba lake lina saponini, kitu kichungu kinachotoa povu kama la sabuni. Nyingi ya dukani imeshasafishwa, lakini isugue kidogo ndani ya maji uone. Kama kuna povu, osha hadi liishe. Ukiikaanga na uchungu wake, utakuwa umeukaanga uchungu.

Baada ya kuosha, nafaka lazima ikauke. Siku ya jua, itandaze kwenye turubai safi au juu ya gunia, iwe nyembamba, na mtu awafukuze kuku. Julai, wakati ukungu wa Nyeri haunyanyuki hadi saa sita, usingoje jua ambalo haliji. Ikaushie kwenye kikaango chenyewe kwa moto mdogo sana, ukiigeuza, mpaka mvuke ukome na punje ziache kushikana. Hapo ndipo ukaangaji unaanza kuhesabiwa. Punje mbichi ikipewa moto mkali huiva kwa mvuke nje na kubaki na maji ndani, na unga wake hauchukui muda kuvunda.

Chombo kizuri ni karai nzito ya chuma, ile ya mandazi, iliyosuguliwa mafuta yote. Sufuria nyembamba ya alumini huunguza pale katikati huku pembeni pakiwa baridi. Kikaango kisichoshika chakula usikitumie: hakikutengenezwa kukaa kitupu motoni, na utando wake huharibika. Mwenye kikaango cha udongo au kigae kikubwa ana bahati, udongo husambaza joto taratibu. Kwa jiko la makaa, subiri makaa yawe mekundu yote kisha yafunike kwa majivu kidogo. Moto wa makaa uliotulia ni mzuri kuliko wa gesi kwa kazi hii. Kwa meko ya gesi, tumia mwali mdogo na uwe mvumilivu.

Sasa wimbi. Pasha karai kwanza. Mwaga nafaka isizidi unene wa kidole, yaani robo ya gorogoro au nusu kwa karai kubwa. Chukua mwiko wa mbao wenye ncha bapa na uanze kukwangua chini na kugeuza, chini na kugeuza, bila kusimama kupokea simu. Dakika mbili tatu za kwanza hutaona lolote. Kisha harufu ya shamba inatoka, ya nyasi kavu. Hiyo ni dalili kwamba unyevu wa mwisho unaondoka, bado hujafika. Halafu punje zinaanza kutatarika, moja hapa, moja pale, na baadhi zinaruka. Harufu inageuka, inakuwa tamu, inakaribia ya njugu karanga. Rangi ya matofali inaanza kuwa ya kahawia. Hapo chota punje chache, zipulizie, ziume kwa meno ya mbele. Zikivunjika kwa mlio mkavu na ndani ni nyeupe iliyopauka, ziko tayari. Zikipinda kidogo kabla ya kuvunjika, bado dakika moja au mbili. Kama ndani nako kumekuwa kahawia, umepitiliza, na uji utakuwa na uchungu ambao sukari haitauzima.

Ziondoe kwenye karai papo hapo. Kuzima moto hakutoshi, chuma kina joto lake la akiba na kitaendelea kukaanga wewe ukidhani umemaliza. Zimwage kwenye ungo au sinia pana, zitandaze, zipepete wakati bado zina moto. Makapi yaliyolegea yatapeperuka yenyewe. Usizikaange sana kwa kudhani zaidi ni bora. Nafaka iliyoungua hupoteza sehemu ya protini yake, hasa laisini, ambayo ndiyo sifa kubwa ya terere na kwinoa.

Mtama hufuata njia hiyohiyo, ila punje zake ni kubwa, kwa hiyo upe moto wa chini zaidi na muda mrefu ili joto lifike kiini. Soya ni habari nyingine. Kwake moto si wa ladha tu. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, na lazima iive kabisa, mpaka ganda lipasuke na ndani iwe ya dhahabu. Kwa sababu hii sikubaliani na ule mtindo wa kuchanganya nafaka saba au nane kwenye beseni moja na kuzikaanga pamoja. Soya itakapoiva, terere itakuwa makaa. Kila nafaka ikaangwe peke yake, mchanganyiko ufanyike mwishoni. Na saba za nini? Wimbi, mtama kidogo na terere zinatosha. Uji wenye kila kitu hauna ladha ya chochote.

Kwinoa ya kula nzima, kama wali, inahitaji moto wa wastani na dakika tano hadi nane baada ya kukauka. Utaisikia ikipasukapasuka. Ikianza kunukia na kuwa ya dhahabu, mimina maji yaliyokwisha kuchemka, vikombe viwili kwa kimoja cha nafaka, na usimame mbali kwa sababu yataruka. Maji baridi nayo yangefanya kazi, ila utapoteza muda. Tia chumvi sasa, si kabla. Funika, punguza moto, uihesabie dakika 20 kwa Nyeri na zaidi kidogo kwa Nanyuki au Timau. Iko tayari pale mkia mweupe unapojitenga na punje. Ipua, iache imefunikwa dakika kumi, kisha ichambue kwa uma. Minji mbichi, karoti na dania vinaipendeza. Terere nzima inapikwa vilevile, ila inataka maji vikombe viwili na nusu au vitatu na haitakuwa punjepunje kama kwinoa; inatoka nzito, ya kuliwa na maziwa.

Terere ina kipaji kingine, nacho ni kupasuka kama bisi. Hapa sheria ya moto mdogo inageuka. Sufuria iwe ndefu, kavu, na ya moto kweli: tone la maji likianguka liruke na kutoweka. Tia kijiko kimoja tu cha mbegu. Ndiyo, kijiko kimoja. Ukitia viwili za chini zitaungua kabla za juu hazijaona moto. Funika na utikise. Ndani ya sekunde chache zitalipuka, ziwe vichembe vyeupe vidogo sana, na kabla nusu dakika haijaisha zimwage. Kama kijiko cha kwanza kimekaa kimya kikageuka kahawia, sufuria haijapata moto wa kutosha. Pitisha bisi hizo kwenye chekeche laini ili mbegu ambazo hazikupasuka zidondoke chini.

Kuna nafaka ambazo ningeziacha. Mchele wa pishori wa Mwea una manukato yake ya kuzaliwa na moto mkavu huyafukuza. Ukitaka kuukaanga, uwe wa pilau, ndani ya mafuta na vitunguu. Nafaka ya uji wa kuchacha pia usiikaange mapema. Viini vinavyoleta uchachu vinaishi kwenye nafaka mbichi, na karai huviua. Wapika busaa wa Magharibi wanaujua mpango huu kwa usahihi: huchachisha unga wa mahindi kwanza, ndipo wakaukaanga juu ya bati, na kimea cha wimbi kikaingia baadaye kikiwa hakijaonja moto huo. Ukitaka uji wako uwe na harufu ya kukaanga na uchachu pamoja, kaanga, saga, pika, kisha utie mala au ndimu ukiwa umepoa kidogo.

Kabla ya kwenda kwenye mashine ya posho, nafaka ipoe kabisa. Ikiingia kwenye mfuko ina joto, hutoa jasho, na unga utashikana. Mwombe mwenye mashine atumie chekeche ndogo, ya unga wa uji, na asage kwanza kikombe kimoja cha nafaka yako ukitenge, maana ndani kumebaki mahindi ya aliyekutangulia. Terere na soya zina mafuta, zikisagwa peke yake huziba chekeche; zichanganye na wimbi au mtama ndipo zipite. Saga ya wiki tatu nne, si ya muhula mzima. Unga wa nafaka nzima yenye mafuta huharibika, na mtu hugundua kwa ladha ya ukakasi kwenye koo. Nafaka iliyokaangwa ambayo haijasagwa huvumilia zaidi, ikiwa kwenye kopo linalofunga vizuri.

Utakapopika uji, usishtuke ukiwa mwepesi kuliko ulivyozoea. Wanga uliopita kwenye moto mkavu huvunjikavunjika na hauvimbi kama mbichi. Ongeza kijiko kimoja cha unga kwa kila kikombe. Kwa mtoto hiyo ni faida, anapata chakula zaidi katika uji uleule unaonyweka. Koroga unga kwa maji baridi, mimina kwenye maji yanayochemka, na uache utokote robo saa kamili. Kukaangwa hakumaanishi kwamba unga umeiva.

Na zile bisi za terere, ambazo kufikia sasa watoto wameshazipunguza, zifanye kashata. Yeyusha sukari guru na maji kidogo, au asali bila maji, mpaka tone lake likiangushwa kwenye maji baridi liwe kijidonge laini. Ipua, mwaga bisi vikombe vitatu kwa nusu kikombe cha asali, geuza haraka, kisha kandamiza kwenye sinia lililopakwa samli. Kata vipande ikiwa bado vuguvugu. Ukingoja ipoe kabisa, kisu kitaibomoa, na utakula makombo kwa kijiko.